Sifuri kwenye risiti: kisa cha hifadhidata iliyokosa historia

Jumatatu hiyo bibi mmoja aliingia ofisi ya ushirika na risiti aliyoikunja mara nne kama hirizi. Ndani ya wiki mbili alikuwa ameleta kilo 912 za zabibu. Risiti ilisema malipo yake ni shilingi 0. Hakugomba. Aliikunjua, akailaza mbele ya mhasibu, akasema, "Mwanangu, hii mashine yenu safari hii imekula mpaka kikapu." Ilipofika saa nne asubuhi watu 14 walikuwa wamekaa chini ya mwarobaini nje ya ofisi, kila mmoja na karatasi yake, na mhasibu alikuwa ameshanipigia mara sita.

Ushirika wenyewe siutaji, maana kosa lilikuwa letu. Sisi ni watu watatu wenye chumba kimoja Area D, Dodoma mjini. Tunatengeneza mifumo ya wateja wadogo: maduka ya jumla, shule, SACCOS, na huu ushirika wa wakulima wa zabibu ulioko nje kidogo ya mji. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na uvunaji wa Agosti na Septemba ndio uliotukuta. Mfumo si mkubwa. Mkulima analeta mzigo kituoni, unapimwa, unapangwa daraja. Kila baada ya wiki mbili mfumo unazidisha kilo kwa bei, unakata deni la pembejeo (salfa ya kupulizia ubwiriunga ndiyo inayokula fedha nyingi), na kinachobaki kinaingia kwenye simu ya mkulima.

Hesabu ya makato haikuwa kwenye programu ya wavuti. Tuliiweka ndani ya hifadhidata yenyewe, kwenye prosija moja (fungu la amri unaloliita kwa jina) ya MySQL, programu inayoendesha hifadhidata; prosija hiyo inaitwa hesabu_malipo, kwa sababu programu mbili ziliihitaji: ile ya wavuti anayotumia mhasibu, na ile ya laptopu za vituoni, ambayo hufanya kazi bila mtandao na kutuma data siku ikiupata. Kodi ya programu zote mbili (kodi ya kompyuta, si ile ya TRA) ilikuwa kwenye Git, chombo kinachotunza historia ya kila badiliko la mafaili, tangu siku ya kwanza. Hifadhidata ilikuwa kwenye flashi, ndani ya faili linaloitwa ushirika_final_mpya2.sql.

Nani alifanya nini

Mwanzoni mwa Agosti bodi ya ushirika iliamua kwamba makato ya mara moja yasizidi nusu ya malipo ya mkulima, deni linalobaki lisubiri awamu inayofuata. Uamuzi wa busara. Mhasibu alinipigia jioni, nikafungua phpMyAdmin (ukurasa wa kuhariri hifadhidata) kwenye seva hai, ile yenye data ya kweli, nikaongeza mistari minne kwenye prosija, nikajaribu kwa wakulima wawili, nikaenda kulala. Siku kumi baadaye mwenzangu aliombwa aongeze daraja la tatu la ubora. Alichukua prosija iliyokuwa kwenye laptopu yake, ile ya Juni, akaongeza daraja, akaijaribu kwake, ikafanya kazi vizuri kabisa, akaibandika kwenye seva hai. Mistari yangu minne ilifutika, na makato yakarudi kuweza kumeza malipo yote. Hakuna onyo lililotokea, kwa sababu hifadhidata haiulizi. Prosija ya zamani inaondolewa, mpya inaundwa, basi.

Hayo nayajua leo. Jumatatu ile hatukuyajua. Tulichokuwa nacho ni jedwali la ROUTINES ndani ya information_schema (orodha ya MySQL ya vitu vyake yenyewe), ambalo lilituambia kwamba hesabu_malipo iliundwa Alhamisi saa nne usiku, na mwenye kuiunda ni root@localhost. Sote watatu tulikuwa tukiingia kwa root, akaunti kuu yenye ruhusa zote. Kwa hiyo hifadhidata iliweza kusema lini, haikuweza kusema nani, wala kabla yake kulikuwa na nini.

Tukakimbilia bekapu. Tulikuwa nayo, tena ya kila usiku, tukiitegemea kama mtu anavyotegemea ukuta wa nyumba yake. Tukafungua ya wiki iliyopita: majedwali yote yapo, data ipo, triga (amri zinazojiendesha data inapoingia au kubadilika) zipo. Prosija hakuna hata moja. Amri ya mysqldump huchukua triga yenyewe bila kuambiwa, lakini prosija na fankisheni haizichukui mpaka uiandikie --routines. Sisi hatukuandika. Maana yake ni kwamba tangu mfumo uanze, kama seva ile ingekufa, tungerudisha zabibu zote za wakulima na tusijue namna ya kuwalipa. Jasho lilinitoka hapo kuliko lilivyonitoka kwa ajili ya zile risiti.

Kilichotuokoa hatukukipanga. MySQL 8.0 huwasha yenyewe kumbukumbu inayoitwa binlog, daftari la kila badiliko linalopita kwenye seva, na usipogusa mipangilio yake hulitunza kwa siku 30. Amri za kuunda au kubadili vitu huandikwa humo kwa maneno yake kamili. Tuliendesha mysqlbinlog, tukatafuta jina la prosija, na zikatokea zote mbili: yangu ya mwanzoni mwa mwezi na ya mwenzangu. Tulipoziweka ubavu kwa ubavu kosa lilionekana kabla chai haijapoa. Tukaunganisha, tukapiga hesabu ya tofauti kwa kila mkulima, na kufikia Jumatano fedha zilikuwa zimeingia, kwa wale 14 na kwa wengine ambao hawakuja kuuliza.

Mwenzangu alisema jambo moja tu siku hiyo: "Kaka, mimi niliweka ninachokijua." Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Mimi ndiye niliyebadili kitu nikakiacha kichwani mwangu.

Ukweli uko kwenye seva, hata ukiwa mbaya

Msimu haukuwa umeisha, kwa hiyo tulikubaliana kutogusa umbo la hifadhidata mpaka awamu ya mwisho ya malipo ipite. Tulipopata nafasi ya kuiingiza hifadhidata nayo kwenye Git, kazi ya kwanza ilikuwa kujua tuna nini. Tulitoa umbo tupu, bila data, kutoka seva hai na kutoka laptopu zetu tatu, kwa amri ile ile:

mysqldump --no-data --routines --events --skip-comments ushirika

Kisha tukalinganisha. Mafaili manne, maumbo manne. Kolamu ya simu ilikuwa na herufi 10 kwangu na 15 kwenye seva. Faharasa iliyokuwa ikiharakisha ripoti ya mhasibu ilikuwepo kwenye seva peke yake, na hakuna aliyekumbuka kuiweka. Na kulikuwa na jedwali linaitwa mapokezi_bak_usifute. Jina linajieleza, ila halisemi usifute kwa nini.

Mimi nilitaka kuanza na hifadhidata safi: tuondoe takataka, tusawazishe majina, ndipo tuandike faili la kwanza. Mwenzetu wa tatu, ambaye huwa anaongea mara mbili kwa siku, alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba faili la kwanza likitofautiana na seva hai hata kwa kolamu moja, basi tangu siku ya kwanza ripo (hazina ya mafaili kwenye Git) inadanganya, na hatua ya pili itajengwa juu ya uongo huo. Tuchukue seva ilivyo, na mapokezi_bak_usifute ndani. Usafi uje baadaye, kama badiliko lenye tarehe na sababu. Alikuwa sahihi, na nimeona timu nyingine ikikwama wiki nzima kwa sababu ilichagua njia niliyoitaka mimi.

Lile umbo lililotoka kwenye mysqldump haliingii Git hivi hivi. CREATE TABLE (amri ya kuunda jedwali) nyingi huja na AUTO_INCREMENT, namba ya rekodi inayofuata, ambayo hupanda kila rekodi mpya inapoingia, hivyo ukitoa umbo leo na kesho Git itakuonyesha mabadiliko kwenye majedwali mengi hata kama hakuna aliyegusa kitu. Tuliziondoa kwa sed, amri ya kuhariri maandishi. Pia kila prosija huja na DEFINER, yaani jina la akaunti iliyoiunda, na ukiipeleka kwenye mashine isiyo na akaunti hiyo, prosija inakaa pale ikionekana nzima mpaka siku unapoiita, ndipo inakupa kosa namba 1449. Hizo nazo tuliziondoa.

Hatua, si picha

Kuna njia mbili za kuweka hifadhidata kwenye Git, na watu hugombana juu yake kama mashabiki wa Simba na Yanga. Ya kwanza ni kuweka picha: ripo inaeleza hifadhidata inavyotakiwa kuwa, na chombo kinalinganisha picha na seva kisha kinajitungia amri za kuifikisha huko. Ya pili ni kuweka hatua: kila badiliko ni faili dogo la SQL lenye namba, linaloendeshwa mara moja kila mahali kwa mpangilio ule ule.

Picha inavutia kwa sababu inasomeka. Lakini fikiria tulipotaka kubadili jina la kolamu kilo iwe uzito_halisi, kwa sababu wapimaji walikuwa wakibishana kama kilo ni pamoja na kreti au bila kreti. Chombo kinacholinganisha picha kinaona kolamu kilo haipo tena na kuna kolamu mpya uzito_halisi. Hakijui kwamba ni kitu kimoja. Usipokiwekea kumbukumbu maalumu ya ubadilishaji jina, kitafuta ya kwanza na kuunda ya pili, tupu. Kodi ya programu unaweza kuifuta yote na kuweka nyingine, hakuna kinachopotea. Hifadhidata ina mali za watu ndani, hivyo unachoandika ni namna ya kuhama, na kuhama kunahitaji mtu anayejua kitanda kinapitia mlango upi.

Tukachagua hatua, na chombo tukachagua Flyway. Programu yetu ya wavuti imejengwa kwa Laravel, kiunzi cha lugha ya PHP, ambayo ina utaratibu wake wa hatua, na kama hifadhidata ingekuwa ya programu moja ningeutumia huo bila kufikiri mara mbili. Hii ilikuwa ya programu mbili, moja wala si ya PHP, na mwenzetu mmoja anajua SQL vizuri kuliko kitu kingine chochote. Flyway inasoma SQL ya kawaida. Mafaili yake hupewa majina kama V1__umbo_la_mwanzo.sql, na ndani ya hifadhidata inaunda jedwali lake, flyway_schema_history, linaloandika kila faili lililopita, tarehe, aliyeliendesha na alama ya kuthibitisha kwamba halijabadilishwa tangu hapo. Ukilihariri faili ambalo tayari limepita, inagoma.

Kwenye seva hai hatukuendesha V1, maana vitu vyote vilikuwepo. Kuna amri ya baseline inayoiambia Flyway: hapa tayari tuko namba 1, endelea mbele. Kwenye laptopu tulifuta kila kitu na kuacha V1 ijenge upya. Kwa mara ya kwanza mashine zote nne zilikuwa na umbo moja.

Prosija tuliziweka pembeni. Jedwali linabadilishwa kwa hatua kwa sababu lina data. Prosija haina data, hivyo hakuna sababu ya kuwa na mafaili kumi ya hesabu_malipo yenye namba tofauti, ambapo ili ujue ya sasa ni ipi lazima uyafungue yote. Flyway ina aina ya pili ya faili inayoanza na R, inayoendeshwa upya kila yaliyomo yanapobadilika, baada ya mafaili ya V kumalizika. Kila prosija, triga na mwonekano (swali la hifadhidata lililohifadhiwa kwa jina) ukapata faili moja la R. Faida yake ni ile hasa tuliyoikosa Agosti: hesabu_malipo inakaa mahali pamoja, Git inaonyesha mstari gani umeongezwa na nani, na watu wawili wakiigusa kwa pamoja, wa pili anagongana na wa kwanza kwenye Git kabla hajagongana na mkulima. Kasoro moja: MySQL haina namna ya kubadili prosija papo hapo, ni lazima uifute kisha uiunde, na katikati kuna upenyo mdogo ambapo mtu akiiita haipo. Sisi hupeleka mabadiliko usiku, mhasibu akiwa ameshafunga.

Kipi ni cha Git na kipi si chake

Hapa tulibishana kuliko mahali pengine. Orodha ya vituo, majina ya madaraja, aina za makato: hizo ni data, lakini programu haiwezi kuamka bila hizo. Na bei ya kilo kwa kila daraja je? Kanuni tuliyofikia ni ya kuangalia mkono: kama kitu kinabadilishwa na mtengeneza mfumo, kiko Git, kama kinabadilishwa na mhasibu kwenye skrini yake, hakiko. Madaraja yakaingia. Bei zikabaki nje, kwa sababu siku moja tungepeleka badiliko na kumrudishia mhasibu bei za mwaka jana bila kumwambia.

Wakati wa kuchambua hayo ndipo tulipokuta kwamba kijana wa mazoezi kwa vitendo, miezi kadhaa nyuma, alikuwa ameweka kwenye Git hifadhidata nzima, na majina ya wakulima, namba za simu na namba za NIDA. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka kila mtu awe na data ya kujaribia. Lakini Git haisahau. Ukifuta faili leo, lipo kwenye historia ya jana, na kila aliyechukua nakala ya ripo anatembea nalo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haimuulizi mtu kama alikuwa na nia njema. Tulisafisha historia kwa git filter-repo, tukafuta nakala zote za zamani kwenye mashine zetu, tukaomba na yule kijana afute yake, kisha tukaandika skripti ya kutunga wakulima wa uongo. Mmoja wao ana shamba la ekari 4,000 na hana mzabibu hata mmoja. Ametusaidia kukamata makosa mawili ya kugawanya kwa sifuri.

Namba 6 iliyokatika katikati

Hatua tano za mwanzo zilipita kimya. Ya sita ilikuwa na mambo matatu ndani ya faili moja: kuongeza kolamu ya tarehe ya kujiunga, kuzuia namba za uanachama zisijirudie, na kuongeza faharasa. Kwenye laptopu zote ilipita. Kwenye seva hai jambo la kwanza lilipita, la pili likagonga kosa 1062: kulikuwa na wanachama wawili wenye namba moja. Data yetu ya kutunga haikuwa na uchafu huo, ya kweli ilikuwa nao.

Kama tungekuwa kwenye PostgreSQL, mshindani wa MySQL, faili zima lingerudi nyuma kana kwamba halikuguswa, kwa sababu PostgreSQL inaweza kufunga mabadiliko ya umbo ndani ya muamala mmoja, yaani yote yapite au yote yasipite. MySQL haifanyi hivyo. Kila ALTER TABLE (amri ya kubadili jedwali) inathibitishwa papo hapo, na yaliyopita yameshapita. Kwa hiyo kolamu ilikuwepo, kizuizi hakikuwepo, na Flyway ilikataa kuendelea mpaka tusafishe. Na toleo la bure la Flyway halina amri ya kurudi nyuma. Tuliondoa kolamu kwa mkono, tukaendesha flyway repair, na mhasibu akakaa na daftari lake la uanachama kutafuta nani ndiye mwenye namba halali. Walikuwa baba na mwana, jina moja.

Toka hapo faili moja hubeba badiliko moja. Na kabla ya kupeleka popote, tunairudisha bekapu ya jana usiku kwenye mashine ya pembeni ambayo haiko kwenye mtandao, tunaendesha hatua mpya hapo, kisha tunaifuta. Hilo limetupa zawadi ambayo hatukuiomba: bekapu yetu sasa inajaribiwa kila tunapobadili kitu.

Suala la namba lilitusumbua kidogo tu. Watu wawili waliandika V9 siku moja, Flyway ikagoma kwa sababu kuna V9 mbili, tukahamia namba za tarehe na saa.

Laptopu iliyofungiwa kabatini

Nirudi kwenye kolamu ya kilo, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kazi hii ilivyo kwetu. Mifano mingi ya vitabuni huchukulia kwamba programu na hifadhidata hubadilishwa usiku mmoja. Sisi tuna laptopu saba vituoni. Baadhi hupata mtandao kila siku, nyingine hupata mwenye kituo anapopanda pikipiki kuja mjini. Ukibadili jina la kolamu usiku wa leo, kesho laptopu moja italeta mizigo ya siku nne ikiitafuta kolamu ambayo haipo.

Kwa hiyo badiliko la neno moja likawa hatua nne. Ya kwanza iliongeza uzito_halisi, tupu, ikaiacha kilo mahali pake. Ya pili iliweka triga: mzigo ukija na kilo peke yake, unakiliwa kwenye uzito_halisi, na ukija na uzito_halisi peke yake, unakiliwa kwenye kilo. Ya tatu ilijaza mizigo yote ya zamani, kwa mafungu ya rekodi 5,000 ili mhasibu asikwame. Ya nne, ya kuiondoa kilo, iliandikwa siku ile ile lakini ikawekwa kwenye tawi lake la Git (nakala ya pembeni ya ripo) kusubiri laptopu zote saba zionekane zikituma kwa toleo jipya.

Sita zilionekana ndani ya wiki mbili. Ya saba haikuonekana kabisa. Tulipiga simu, tukaambiwa mzee wa kituo ameifungia kabatini msimu ulipoisha, na ufunguo ameondoka nao kwenda kwa binti yake Kondoa. Tulisubiri wiki tano. Alipoifungua ilituma mizigo mitatu iliyokuwa imesahaulika ndani, ikiwa na kolamu ya kilo.

Ile triga, kwa njia, ilituletea kosa 1419 tulipoipeleka. Binlog ikiwa imewashwa, MySQL hukataa mtu asiye na mamlaka makubwa kuunda triga, mpaka ubadili mpangilio wa log_bin_trust_function_creators. Binlog ile ile iliyotuokoa Agosti.

Nywila

Mpaka hapa ripo ilikuwa nzuri, na haikuzuia chochote. Sote tulikuwa bado na nywila ya root. Ningeweza wakati wowote kufungua phpMyAdmin na kufanya nilichofanya Agosti, na kwa haraka ya msimu ningefanya.

Tuliunda akaunti tatu. Ya programu inasoma, inaandika, inafuta rekodi na kuita prosija, haiwezi kubadili umbo. Ya Flyway inaweza kubadili umbo, na nywila yake iko kwenye seva, si vichwani mwetu. Zetu wenyewe ni za kusoma tu. Nywila ya root iliandikwa kwenye karatasi, ikatiwa kwenye bahasha, na bahasha iko kwa mhasibu. Nilipompelekea nikamwamkia, "Shikamoo mama," nikaeleza. Akaitikia, akaipima bahasha mkononi na kuuliza, "Kwa hiyo baba, mkitaka kugusa hesabu za watu usiku mtakuja kuniamsha mimi?" Nikamwambia ndiyo. Akaifungia kwenye sefu na vitabu vya risiti.

Kila usiku skripti hujenga hifadhidata tupu kutoka kwenye ripo, inatoa umbo lake, inalinganisha na umbo la seva hai, na zikitofautiana inatuma ujumbe kwenye simu zetu watatu. Mtu wa kwanza kukamatwa nilikuwa mimi. Ripoti ilikuwa nzito, bahasha nikaenda kuiomba mchana kweupe, nikaongeza faharasa moja kwa mkono, nikajisemea nitaandika faili kesho. Saa nane usiku simu ya mwenzangu ikalia. Asubuhi nilikuta faili la hatua limeshaandikwa, na kwenye maelezo yake ameweka: "Faharasa ya kaka aliyesahau."

Maelezo hayo ya kila badiliko sasa tunayaandika kwa Kiswahili cha kawaida, na likigusa makato tunataja namba ya muhtasari wa kikao cha bodi. Msimu wa mwanzo wa mwaka ulipoanza, mhasibu aliuliza kwa nini makato ya mkulima fulani yameishia nusu. Nilimfungulia historia ya hesabu_malipo. Alisoma, akauliza kama inaweza kuchapwa, nikamchapia kurasa mbili, akazitoboa matundu na kuziweka kwenye faili lake la bodi.

Jedwali la mapokezi_bak_usifute bado lipo. Hatua ya kulifuta imeshaandikwa na ina jina zuri. Lakini kabla hatujaipeleka tulichungulia ndani tukakuta mizigo 11 ambayo haiko kwenye jedwali halisi la mapokezi, yote ya siku moja, ya kituo kimoja. Mhasibu amechukua orodha, anatafuta karatasi zake.